Rekodi ni za Masikio Yetu, si za Paka

Hapa Malmö, Uswidi, paka wengi huishi ndani ya ghorofa. Mwenyewe akienda kazini, paka hubaki peke yake mpaka jioni. Akirudi, ana hamu ya kweli ya kuzungumza na mwenzake huyo, na simu ndiyo inayojitolea kuwa mkalimani. Programu ya MeowTalk, iliyotoka mwaka 2020 chini ya Javier Sanchez, mhandisi aliyewahi kushughulikia Alexa ya Amazon, husikiliza mlio na kukuandikia maana yake. Wengine hufanya kinyume: hutafuta mtandaoni milio ya paka wasiowajua, wakamwekea paka wao na kungoja ajibu.

Hamu hiyo naiheshimu. Njia hiyo ya pili ndiyo ninayoipinga, kwa sababu inamtaabisha mnyama.

Paka wakubwa ni nadra kuliliana "nyau". Kitoto humlilia mama yake; akishakua, mlio huo hubaki hasa kwa ajili ya binadamu. Wao kwa wao huelewana zaidi kwa harufu, mkia, masikio na macho. Kwa hiyo ukimwekea paka "nyau" ya paka mwingine, unamsomea barua iliyoandikiwa mtu. Anachosikia ni mgeni aliyeingia nyumbani bila mwili wala harufu. Nimemwona paka wa jirani akizunguka kochi, masikio yamelala, mkia umevimba, akimsaka adui asiyekuwapo. Na paka aliyezaa akisikia rekodi ya kitoto kinacholia, huenda akahangaika kumtafuta mwana asiyeweza kumpata.

Kwetu Lamu paka hana mlango wa kufungiwa. Asubuhi hujikusanya sokoni, samaki wakipaliwa magamba. Muuzaji huita "pss, pss," akatupa matumbo, nao wakaja. Nyumbani, bibi huita kwa sauti ile ile, wakati ule ule, baada ya watu kula. Tumelelewa tukijua kwamba paka si najisi, na kwamba kumfungia bila chakula ni dhambi kubwa. Wahenga nao walisema paka wa nyumba haingwa. Baada ya muda paka humjua anayemwita, na anayemwita humjua paka.

Utafiti unaunga mkono mazoea hayo. Mwaka 2013, Atsuko Saito na mwenzake huko Japani waliwasikilizisha paka sauti zilizorekodiwa za watu. Paka waliitambua sauti ya mfugaji wao miongoni mwa sauti za wageni, wakageuza masikio na vichwa, ingawa wengi hawakuinuka. Mwaka 2022, Charlotte de Mouzon na wenzake nchini Ufaransa walionyesha kwamba paka hutambua pale mtu wao anapobadili sauti ili kusema nao. Mgeni alipobadili sauti vivyo hivyo, haikuwashughulisha.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo Lamu ingefaa kujifunza kutoka huku. Katika Chuo Kikuu cha Lund, jirani na Malmö, mtaalamu wa fonetiki Susanne Schötz amerekodi paka kwa miaka mingi, na kazi hiyo ilipata tuzo ya Ig Nobel mwaka 2021. Katika utafiti mmoja, milio ya kuomba chakula ilielekea kupanda mwishoni, na ile ya paka waliopelekwa kwa daktari ilielekea kushuka. Waliozoea paka waliibagua vizuri zaidi kuliko wasiowazoea. Kwetu paka anayelia sana hufukuzwa kwa "shii!" Pengine ana jeraha, au figo zinamsumbua, na hakuna aliyetega sikio.

Basi wewe unayefuga, uwe Malmö au Lamu, rekodi milio ya paka wako mwenyewe: anapoomba chakula, anapotaka kutoka, anapokuwa salama. Isikilize mpaka uizoee. Ikibadilika ghafla, au akinyamaza asivyozoea, mpeleke kwa daktari wa mifugo pamoja na rekodi hiyo. Ukitaka kusema naye, weka simu chini, mwite kwa sauti yako, kwa neno lile lile, kila siku, na ukimwita uwe na kitu cha kumpa. Mwenzetu huyu ameshajitahidi kutuundia lugha. Tumjibu kwa sauti anayoijua.