Taa 6 zinatosha

Hapa Fedha, ukishaweka silingi ya jipsam tu, fundi anakupigia hesabu ya taa 12 za kuzamisha, nyeupe pe! Kwani sebule ni supamaketi? Mwanga mkali humuumiza mathe macho, so nilikataa. Tuliweka 6 za Kelvini 3000, ule mwanga wa manjano. Zile za 6500 ziende dukani.

Nilichong'ang'ania zaidi ni draiva, kile kiboksi cha stima kinachokaa juu ya silingi. Mara nyingi taa ikigoma, kilichokufa ni hicho, na unabadilisha hicho pekee. Lakini lazima kipite kwenye tundu la taa, la sivyo mtapasua jipsam. Na swichi kubwa izimwe kwanza, hata fundi akijigamba amezoea.

Mathe sasa anasoma gazeti usiku bila kukunja uso. Fundi bado anasema tunakaa gizani.