Kompyuta Kuukuu na Fedha Chache

Msomaji, kitu kikuukuu hakifi kwa siku moja kama taa iliyopulizwa. Hufa kiungo kwa kiungo, na mwenye nacho aghalabu hasikii ila kiungo kile kinachopiga kelele. Hapa Manda, kisiwa kinachotazamana na mji wa Lamu, kila fundi wa mashua analijua jambo hilo. Mwenye chombo humjia akitaka tanga jipya, maana tanga ndilo lionwalo na watu walioko pwani. Fundi hamjibu upesi. Hukizunguka chombo, akagonga ubao mmoja mmoja na kusikiliza sauti yake, kisha akasema kuwa tanga litangoja, kwani mataruma mawili yameoza. Nataka kukueleza habari ya chombo cha namna nyingine, kisichoelea wala kuvuja, walakini kilichotutia katika shauri lile lile. Chombo hicho ni kompyuta.

Ni kompyuta ya mezani iliyoundwa mwaka 2012 kwa kazi za ofisi, nami niliinunua ikiwa imekwisha tumika. Ndani yake mlikuwa na prosesa ya Intel Core i5-3470 yenye viini vinne, kumbukumbu ya gigabaiti 4, diski ya kuzunguka, na kasha la umeme la wati 275. Kadi ya picha haikuwa nayo. Picha zilichorwa na prosesa yenyewe, kwa uwezo mdogo iliopewa. Mchana mimi huitumia kutunga mitihani na kuhesabu alama. Jioni hugeuka kiwanja cha kandanda. Mpwa wangu, aliyemaliza Kidato cha Nne na ambaye anakaa kwangu, huketi na wenzake watano au sita juu ya mkeka, na kila mmoja hungoja zamu yake ya kucheza. Mpira ulipokaribia goli, picha ilikwama. Ilipoachia, goli lilikuwa limekwisha fungwa, na ugomvi ulianza.

Tulikuwa na shilingi 14,000. Zangu zilikuwa 8,000, na 6,000 zilikuwa zake, alizozipata Maweni kwa kuvunja mawe. Kama umewahi kumwona mtu akirudi kutoka machimbo yale, nyusi zake zimekuwa nyeupe kwa vumbi la chokaa, hutaniuliza kwa nini niliona vigumu kuzitumia shilingi zile kwa kubahatisha.

Mpwa wangu alikuwa amekwisha kata shauri. “Mjomba,” alisema, “tununue GTX 970. Muuzaji yuko Mombasa, na bei yake ni hizo hizo 14,000. Hayo mengine hayaonekani.”

Nilimwambia tugonge mbao kwanza.

Nawe waweza kufanya hivyo, msomaji, bila kumlipa mtu yeyote. Katika kompyuta ya Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Utafunguka ukurasa unaoonyesha kila kiungo kinafanya kazi kwa kiasi gani. Uache wazi, kisha fanya kazi yako ya kila siku. Kiungo kilichofika asilimia 100 na kukaa hapo ndicho kinachowangojesha wenziwe. Yetu ilipowashwa, diski ilifika 100 na kukaa huko dakika kadhaa. Nilipofungua alama za wanafunzi pamoja na kurasa mbili za intaneti, kumbukumbu ilikaribia kujaa. Mchezo ulipoanza, picha zilikwama, hali prosesa haikupita nusu ya nguvu zake. Basi wagonjwa walikuwa watatu, na mzima alikuwa mmoja, naye ndiye ambaye watu wengi wangemshuku kwanza kwa ajili ya umri wake.

Kumbukumbu na diski huugua pamoja, na inafaa ujue sababu. Mfikirie mwalimu mwenye meza ndogo. Daftari likikosa nafasi mezani hulirudisha kabatini, na kila anapolitaka huinuka kulifuata. Kumbukumbu ni ile meza, diski ni kabati. Katika diski ya kuzunguka, mkono wa kusomea huhitaji sehemu kumi hivi za elfu moja ya sekunde ili kufika penye habari itakiwayo. Katika diski ya SSD, isiyo na kitu kinachozunguka, muda huo haufiki hata sehemu moja ya elfu. Sekunde haigawanyiki hivyo katika maisha yetu ya kawaida, lakini kompyuta huifanya safari hiyo mara nyingi mno kabla hujamaliza kuvuta kiti.

Tuliifungua. Feni ilikuwa imevaa koti jeupe la vumbi la Maweni, lililogandishwa na unyevu wa bahari. Prosesa ikipata joto kupita kiasi hupunguza mwendo wake yenyewe ili isiungue. Kwa hiyo nyingi huitwa zimezeeka, kumbe zimekosa pumzi tu. Skrubu nazo zilikuwa na kutu. Kuta za Takwa, mji uliositawi hapa kisiwani katika karne za 16 na 17, zingali zimesimama kwa mawe na chokaa, na skrubu ya chuma haimalizi hapa misimu miwili ya kusi! Tulipiga brashi, tukafuta masalio ya dawa ya zamani iliyo juu ya prosesa na kupaka mpya.

Ikabaki kadi. Nyumba yangu hutumia umeme wa jua, na betri yangu ni ya volti 12 na ampea-saa 100, yaani wati-saa 1,200. Betri ya risasi haifai kushushwa chini ya nusu, basi zangu za kutumia ni 600. GTX 970 peke yake hula hadi wati 145, na waliyoiunda hushauri kasha la umeme la wati 500, wakati letu ni la 275. Tungeinunua, tungebaki nayo mezani bila fedha za kasha. Hata kama kasha tungepewa bure, nilikadiria kuwa kompyuta na skrini yake zingekula wati 240, na saa mbili na nusu zingemaliza betri, bila kuhesabu kinachopotea katika inveta. Taa za nyumba zingekosa. Iko kadi ndogo kuliko hiyo, GTX 1050 Ti ya mwaka 2016, isiyozidi wati 75, na nyingi za aina hiyo hupata umeme wote kupitia tundu lake, bila waya wa ziada. Kwa hiyo, jumla ingekuwa kama wati 170, na saa tatu za kandanda zingekula 510.

Mpwa wangu aliandika hesabu hiyo mwenyewe, akairudia mara mbili akitafuta kosa. Hakulipata, walakini uso wake haukukunjuka.

“Kumbukumbu na diski ni za alama zako, mjomba,” alisema. “Mawe niliyavunja kwa ajili ya mchezo.”

Neno lake lilikuwa la haki. Hesabu ya wati haikuweza kulijibu, kwa sababu halikuwa neno la wati. Tukakubaliana hivi: kumbukumbu nyingine ya gigabaiti 4 kwa 1,200, SSD ya gigabaiti 240 kwa 3,000, na brashi na dawa kwa 300, zote zilipwe kwa fedha zangu. Kadi iliyokwisha tumika ilikuwa 9,500. Humo niliongeza 3,500 zilizonibakia, na zake 6,000 zikaingia zote.

Prosesa hatukuigusa. Ipo yenye nguvu zaidi inayokaa katika tundu lile lile, lakini Microsoft ilikoma kuitunza Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa za umri huu hazimo katika orodha ya zile zinazokubaliwa na Windows 11. Kumbukumbu nayo ni ya DDR3, isiyoingia katika kompyuta mpya. Ndiyo sababu sikutaka kuinunua zaidi ya ile iliyohitajika. SSD na kadi zitahama, kama mlingoti na tanga vinavyohamia chombo kingine.

Sasa kompyuta huwaka kabla sijakaa vizuri, na magoli hufungwa mbele ya macho ya wote, ingawa ugomvi haujapungua hata kidogo. Kadi ni ya mpwa wangu. Siku atakapokwenda chuoni ataing’oa aende nayo, nami nimekwisha mwekea kando kile kibati cha kuzibia nafasi yake, vumbi lisiingie.