Kikima: Ukungu Si Mvua

Ukisikia Ukambani bila shaka unawaza jua kali, vumbi jekundu na mibuyu. Basi siku moja ya Julai panda matatu hadi Machakos, kisha uchukue nyingine iendayo Kikima, katika milima ya Mbooni, Kaunti ya Makueni. Ila usisahau sweta.

Gari likianza kukwea kona baada ya kona, utafunga dirisha bila kuambiwa. Kikima iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kila upandapo mita 100 joto hupungua kwa zaidi ya nusu digrii. Tena Julai ni wakati wa kusi, upepo utokao Bahari ya Hindi. Ukifika Mbooni hulazimika kupanda mlima, ukapoa, na unyevu wake ukageuka ukungu. Kandokando ya barabara utaona kahawa, migomba na miparachichi. Utasema, "Hapa njaa haijui njia."

Usidanganyike. Ukungu hulowesha majani, haujazi ghala. Mvua za kweli huja mara mbili: masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba. Shuleni tulifundishwa kwamba masika ndiyo mvua kubwa, lakini mkulima wa Ukambani huitegemea zaidi vuli. Hiyo ndiyo humpa mahindi, maharagwe na kunde za mwanzo wa mwaka. Ikikosa, jiko hujua.

Wazee hawajasahau ukame wa 1984. Njaa ile Wakamba waliiita Nikw'a Ngwete, yaani nitakufa nikiwa nazo mkononi: fedha zilikuwapo, chakula cha kununua hakuna. Na tangu mwisho wa 2020 hadi 2022, misimu mitano mfululizo ya mvua ilishindwa katika sehemu kubwa ya nyanda kame za Kenya.

Ndiyo maana mteremko mzima umekatwa matuta. Mtindo wake huitwa "fanya juu": mkulima huchimba mtaro kukingama mteremko, na udongo akautupa upande wa juu ukawa ukingo. Maji yateremkayo husimama hapo, yakazama ardhini badala ya kukimbia na rutuba. Matuta mengi yalichimbwa na mwethya, vikundi vya majirani wanaosaidiana shamba kwa shamba.

Alasiri, teremka hadi Wote, makao makuu ya kaunti. Huko sweta utaivua mwenyewe, kwani mji uko chini na joto lake si la mchezo. Siku ni ile ile, kaunti ni ile ile.

Nawe msomaji, Novemba mvua ikikukuta mjini bila mwavuli, usiilaani. Huko Kikima kuna mtu amesimama mlangoni, anaomba isikatike.