Mwendo wa Mgonjwa

Katika miaka yangu ya uuguzi, ambayo nusu yake niliipitisha wodini na nusu nikizungukia nyumba za watu wa Tanga na vitongoji vyake, maradhi niliyoyazoea kuliko yote ni yale ambayo matabibu huyaita skizofrenia na majirani huyaita majina mengi, baadhi yake yasiyofaa kuandikwa. Mwanafunzi wa kazi hii hufunzwa mapema kuzitambua sauti anazozisikia mgonjwa peke yake. Lakini hafunzwi vya kutosha kulitazama lile linalobaki baada ya sauti kunyamaza, yaani ule mkao wa barazani toka alfajiri hata adhuhuri, wa mtu ambaye miguu yake ni mizima ila hana pa kwenda.

Aila nyingi zilikiita kitu hiki uvivu, nami sikuafikiana nazo kamwe. Maradhi yenyewe huipokonya nafsi hamu ya kuanza jambo. Kisha huja dawa, ambazo sitozitukana, kwani tangu klorpromazini ilipoanza kutumiwa kwa wagonjwa wa akili huko Paris mwaka 1952, watu wengi wamefunguliwa minyororo. Lakini ile husinzisha, na haloperidoli hukaza misuli hata mtu akatembea kwa hatua fupi, mikono imemganda ubavuni, na olanzapini iliyokuja baadaye huongeza njaa na unene. La tatu ni huruma ya nyumbani, nayo ndiyo iliyonisumbua zaidi, maana haina kidonge cha kuipunguza.

Mama mmoja, ambaye mwanawe alikuwa mtu mzima mwenye nguvu, aliniambia, "Binti yangu, huyu analala mno." Nikamwuliza, "Mama, maji humu ndani huchotwa na nani?" Akacheka kwa uchungu: "Nani ampe ndoo mtu kama yule?" Ndoo ameondolewa, shoka limefichwa, sokoni hatumwi, na hata kufagia uwanja hufanya mdogo wake, basi alibakiwa na nini cha kuamkia? Tukakubaliana aanze na ndoo moja wakati wa alasiri, usingizi wa dawa ukiwa umepungua, tena aende na binamu yake, maana mgonjwa wa namna hii akiamriwa husimama, na akiandamana na mwenziwe huenda.

Sikulibuni jambo hili. Huko Lutindi, katika milima ya Usambara, walikojenga wamisionari wa Kijerumani mwaka 1896 makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na wagonjwa wa akili wakaanza kupokewa mwaka 1904, shamba na karakana vilikuwa sehemu ya matibabu. Nami nalisifu hili kwa hadhari, kwani duniani zimekuwako nyumba za wagonjwa zilizolimiwa na wagonjwa kwa faida ya wengine, bila ujira wala hiari, na hiyo haikuwa tiba hata kidogo.

Shirika la Afya Duniani huwashauri watu wazima angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki. Sikupata kumtajia hesabu hiyo mama yeyote. Nilihesabu kwa kisima, kwa genge, kwa msikiti wa Ijumaa. Na haikuwa mchezo, kwa kuwa wenye maradhi haya hufa mapema kuliko wenzao, na aghalabu si wazimu unaowaua bali ni moyo, kisukari na maradhi mengine ya mwili ambayo hakuna aliyeyatafuta.

Nilipopita tena kwa mama yule, mwanawe alikuwa ametumwa nazi. Safari hii malalamiko yalikuwa kwamba chenji hairudi yote, anainunulia sigara; na kwa kuwa sigara nayo ni adui wa moyo uleule, tulikaa jamvini tukaanza kulizungumza hilo.