Simulizi za Zamu, sehemu ya 11: Kishikwambi kilichoniponza

Najua niliahidi kuendelea na ile habari ya wodi ya watoto, lakini naomba mnivumilie, itasubiri kidogo. Mdogo wangu wa mwisho amepata chuo. Juzi usiku nikiwa zamu akanitumia ujumbe: "Dada shikamoo. Nina laki saba. Nimeona kishikwambi kizuri Kariakoo, kina kibodi yake na kalamu, wamesema kinafanya kazi zote za laptopu. Nilipie?"

Nikamjibu marahaba, usilipe hata mia mpaka tuongee. Halafu nikacheka mwenyewe pale kwenye meza ya manesi, maana nilishtuka kama mtu aliyeambiwa ndugu yake anataka kunywa dawa aliyopewa na jirani.

Kwanza tuelewane kwenye jina. Mimi nasema kishikwambi kwa sababu neno "tableti" hospitali lina kazi nyingine. Kuna siku nilimwambia mwanafunzi wa mazoezi aniletee tableti iliyo kwenye droo, akarudi na paracetamol. Hakukosea yeye. Tangu siku hiyo mimi na kishikwambi, kishikwambi na mimi.

Sasa sikia kilichonipata.

Nilinunua changu mwaka 2018 kwa hela ya mzunguko, laki nne na nusu. Nilikuwa na sababu zangu: chepesi, kinaingia kwenye pochi, chaji inamaliza zamu nzima, miongozo yote ya matibabu nimeipakua humo. Na kweli nilikipenda. Mtoto ana kilo nne na nusu, dozi ya dawa umeisahau, unafungua ukurasa ukiwa umesimama palepale kitandani. Mama haelewi jinsi ya kumweka mtoto titini, unamwonyesha video badala ya kuchora hewani kwa mikono. Wenzangu wakaanza kuniita "sista wa teknolojia". Sifa nazo zina gharama yake.

Gharama ikaja siku ambayo kiongozi wa wodi yetu ya wazazi alitaka tuandike maombi ya vifaa kwa ajili ya mapitio ya bajeti ya robo mwaka. Tulikuwa na ambu za watoto wachanga tatu, mbili valvu zimekufa, nzima imebaki moja. Kwa wewe usiye wa fani: ambu ni kile kimfuko cha mpira chenye barakoa, mtoto akizaliwa hapumui unamfunika pua na mdomo na kumpa hewa kwa kuminya. Una dakika moja tangu azaliwe. Tunaiita dakika ya dhahabu. Ndani ya hiyo dakika uwe umemkausha, umemsisimua, na kama bado hapumui uwe umeanza kumpa hewa. Sasa wakizaliwa wawili kwa pamoja wanaohitaji hewa, na ambu ni moja, sitaki hata kuendelea na hiyo sentensi.

Kiongozi akauliza nani ana kifaa cha kuandikia. Macho yote kwangu.

Nilikaa usiku mzima na kile kidude. Takwimu za miezi kumi na miwili, kutoka kwenye madaftari ya MTUHA: waliozaliwa, waliozaliwa hawapumui, waliopewa hewa kwa ambu, waliopata nafuu, waliohamishiwa wodi ya watoto wachanga, waliofariki. Ukibonyeza ili uandike, kibodi inapanda na kufunika nusu ya kioo. Unabaki unaona mistari minne. Ukitaka kuona Januari, Desemba haipo. Ukitaka kuona Desemba, vichwa vya safu vimepotea. Na kidole changu si kidogo, nikigusa Agosti kinachagua Septemba. Mahali fulani kwenye saa nane usiku nikabonyeza kupanga safu moja kutoka namba kubwa kwenda ndogo. Ile safu ikajipanga. Nyingine zote zikabaki pale zilipokuwa.

Sikuona. Nikahifadhi, nikatuma, nikalala kwa furaha.

Maombi yalirudi na alama za kalamu nyekundu. Kuna mwezi jedwali langu lilionyesha watoto waliopewa hewa ni wengi kuliko waliozaliwa hawapumui. Kuna mwezi waliofariki ni sifuri wakati sisi wenyewe tuliwaosha na kuwafunga kitenge. Wakatuambia takwimu haziaminiki, tusahihishe, tulete robo ijayo. Sina ugomvi nao. Ningekuwa mimi nimekaa kwenye kile kiti ningerudisha vilevile.

Miezi mitatu tuliyobaki na ambu moja tuliishi kwa kuosha, kutakasa, kukausha, na kuomba Mungu wasije wawili. Ukisikia kichwa cha mtoto kinaonekana chumba cha pili wakati umeshika ambu chumba cha kwanza, moyo unapiga kama wa mwizi. Hakuna aliyekufa kwa sababu ya ile ambu kipindi kile. Nasema hivyo kwa sababu ndicho nilichokuwa najiuliza kila nikitoka zamu, na najua hata wewe unayesoma umejiuliza.

Kuna mtu atasema, "Sista, hata kwenye laptopu ungekosea." Ni kweli. Safu moja inaweza kupangwa vibaya popote. Tofauti ni kwamba kwenye laptopu ningekuwa na miezi yote kumi na miwili mbele ya macho, kipanya mkononi, na kosa lingenitazama usoni. Kishikwambi hakikunikosesha, kilinificha kosa langu.

Baada ya hapo ndipo nikaanza kusoma hizi habari, maana nilitaka kujua kama mjinga nilikuwa peke yangu. Wapi! Tulikuwa wengi, dunia nzima.

Steve Jobs alipoonyesha iPad kwa mara ya kwanza, Januari 2010 kule San Francisco, alianza na swali: je, kati ya simu na laptopu kuna nafasi ya kitu cha tatu? Akasema kitu hicho lazima kiwe bora zaidi kwenye kazi fulani, akazitaja: kuperuzi intaneti, barua pepe, picha, video, muziki, michezo, vitabu. Irudie hiyo orodha. Ukitoa barua pepe, zote ni kazi za kupokea, yaani unakaa unaletewa. Miezi michache baadaye akatoa mfano wa magari: zamani Marekani ilipokuwa nchi ya wakulima magari yote yalikuwa malori, watu walipohamia mijini wakataka magari madogo, na kompyuta zitakuwa kama malori, zitabaki kwa wachache wanaozihitaji. Mfano mzuri sana. Shida yangu mimi ni kwamba nilikuwa na mzigo.

Watu walinunua kwa fujo. Mwaka wa fedha wa 2013 Apple peke yake waliuza iPad milioni 71 hivi. Mwaka 2014 dunia nzima vilisafirishwa vishikwambi zaidi ya milioni 200. Halafu mteremko ukaanza. Kufikia 2017 iPad zilizouzwa hazikufika milioni 44, na mwishoni mwa 2018 Apple wakaacha kabisa kutangaza idadi. Korona ilipokuja 2020 mauzo yakapanda tena, watoto wako nyumbani, kila mzazi anatafuta kioo cha kumkalisha mtoto. Wakishanunua wamenunua: 2023 dunia nzima ikashuka hadi karibu milioni 130.

Kwa nini? Wataalamu wana maneno yao, mimi nitakuambia ninavyoona kutoka kwenye pochi yangu.

Sababu ya kwanza hii hapa mezani kwangu: kile kishikwambi cha 2018 bado kipo. Kizima! Mwanangu anaangalia katuni, na mama akija kututembelea anaangalia kwaya. Kitu kinachotumika kutazama hakichoki haraka. Simu unaiangusha, unaibiwa kwenye daladala, betri inakufa kwa sababu iko mkononi kutwa. Kishikwambi kinakaa kwenye kochi kama mgeni wa heshima. Sasa nikanunue kingine cha nini? Biashara ya kitu kisichohitaji mrithi lazima ifike mahali ipoe.

Ya pili ni simu zenyewe. Samsung Galaxy Note ya 2011 ilikuwa na kioo cha inchi 5.3, watu wakacheka kwamba ni simu ya kuongelea au sinia. Mwaka 2014 Apple wenyewe wakatoa iPhone ya inchi 5.5. Leo simu ya dada wa chipsi ni kubwa kuliko hiyo. Ile miongozo ya dozi niliyokuwa nabebea kishikwambi naisoma kwenye simu mfukoni mwa gauni langu jeupe. Simu ikamla kishikwambi kutoka chini.

Na juu laptopu hazikulala, zikawa nyembamba, nyepesi, chaji inakaa kutwa. Wauza vishikwambi wakaamua basi nasi tuwe laptopu. Microsoft walijaribu 2012 na Surface RT, ina kava la kibodi na kila kitu, ila programu za kawaida ulizozoea kwenye Windows ulikuwa huwezi kuziweka. Mwaka uliofuata wakaandika hasara ya dola milioni 900. Apple nao Machi 2020 wakaruhusu kipanya kwenye iPad, na kibodi yao mpya ya iPad Pro ikaanzia dola 299. Kibodi tu! Kwa hela hiyo hapa mjini unatoka dukani na laptopu iliyotumika na chenji ya nauli.

Kwa hiyo kishikwambi ni takataka? Hapana, na hapa ndipo watu wananielewa vibaya wodini.

Tazama Sensa ya Agosti 2022. Makarani walipita nyumba kwa nyumba na vishikwambi, nchi nzima, wakahesabu watu 61,741,120. Ungempa karani laptopu angeishikaje mlangoni kwa watu, mkono mmoja unapigia mlango hodi? Maswali yameshapangwa, majibu ni kugusa, umesimama, unahama. Kazi ya namna hiyo laptopu haiwezi. Hospitali nazo tuna kazi nyingi za kusimama: kupita wodini na daktari, kuangalia majibu ya maabara, kumwonyesha mgonjwa picha. Ingawa ukivaa glovu zenye damu na maji kioo kinagoma, na ukikifuta kwa klorini kila baada ya mgonjwa usishangae kikichoka.

Kazi ya kukaa ni nyingine. Ripoti, jedwali, barua, utafiti wa chuo, kitu unachokitengeneza wewe kuanzia ukurasa mtupu, huku umefungua faili tatu na unarudi nyuma kusahihisha. Wakenya waliliona hili hata bila kusema. Ahadi ya mwaka 2013 ilikuwa laptopu kwa watoto wa darasa la kwanza. Mpango ulipofika shuleni 2016, watoto walipewa vishikwambi na walimu wao wakapewa laptopu. Mtoto anagusa na kutazama, mwalimu anaandaa somo. Sisi vishikwambi vya Sensa tuliwagawia walimu. Vinawasaidia, sikatai, lakini muulize mwalimu yeyote kama anatungia mtihani humo au anakwenda steshenari.

Na huyu mdogo wangu anakwenda kufanya nini chuoni? Kuandika. Miaka mitatu ya kuandika, na mwishoni utafiti wenye majedwali. Kutazama atatazama kwenye simu, hilo halihitaji msaada wangu.

Nimempigia jana, tumeongea nusu saa. Laki saba yake inapata laptopu iliyotumika ya maana, zile za maofisini, ngumu, RAM GB 8, diski iwe SSD, siyo ile ya kizamani inayozunguka. Nimemwambia tutabonyeza herufi zote moja moja mbele ya muuzaji, tutaichomoa chaja tukae nayo nusu saa tuone betri, na risiti iandikwe namba ya mashine. Jumamosi natoka zamu ya usiku, naoga, tunakwenda wote.

Kuhusu ambu: robo iliyofuata niliazima laptopu ya mhasibu, nikaandika upya, zikaja mbili. Moja nimeiandika tarehe kwa maka peni pembeni, bado ipo kwenye chumba cha kwanza.

Mdogo wangu amekubali, ila kwa shingo upande. Bado ananitumia picha za kile kishikwambi, anasema, dada, lakini kibodi yake inawaka taa.

Sehemu ya 12 tunarudi wodi ya watoto, naahidi.