Ndoo ya Baba

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Baba yangu kazaa watoto saba, lakini ugonjwa wake alituficha mwaka mzima.

Alikuwa akitoka damu kila aendapo haja kubwa. Sisi hapa nyumbani Itigi tuliona tu anakula kidogo, na mkanda wa suruali unaongezwa matundu. Kumbe alikuwa anaogopa choo. Siku aliponiambia, alinivuta nyuma ya nyumba kama mtu anayetaka kukopa. Daktari alikuwa amemwandikia kipimo Dodoma: mpira mwembamba wenye kamera unapitishwa njia ya haja kubwa mpaka mwisho wa utumbo mpana, kama mita moja na nusu.

"Yaani mimi, na mvi hizi?" akauliza. Nikakosa la kujibu.

Safari ya kwanza ilikwenda bure. Utumbo ulikuwa mchafu, daktari hakuona kitu. Tuliporudi ndipo mzee akakiri: dawa ya kusafisha tumbo alikunywa bilauri tatu tu, nyingine akaimwagia mwembe. Sababu? Choo chetu ni cha shimo, kiko uani, tunachangia na wapangaji. Aliona aibu kupishana na vijana mlangoni usiku kucha.

"Mara hii nasimamia mimi," nikasema.

"Wewe wa riwaya?" Kwake, kijana aliyemaliza kidato cha nne akakaa anaandika hadithi zisizochapwa ni mgonjwa vilevile.

Basi tukaanza. Siku tatu kabla ya kipimo hakuna maharage, karanga wala mboga za majani. Msomaji, hebu jaribu kumnyima mlenda mtu wa huku kwetu! Akala wali mweupe na mayai huku kanuna. Siku ya mwisho hakuna chakula kabisa: maji, supu iliyochujwa na chai ya rangi. Asali iliruhusiwa, na asali Itigi haikosekani. Vinywaji vyekundu marufuku, maana ndani ya utumbo rangi yake hudhaniwa damu.

Unga wa dawa tuliukoroga kwenye lita nne za maji. Lita mbili jioni, mbili asubuhi, kwa sababu ukimaliza zote jioni, hadi mchana utumbo huwa umeanza kujichafua tena. Bilauri moja kila robo saa. Nilihesabu kwa kuchora vijiti nyuma ya daftari la riwaya yangu.

"Kama maji ya magadi," mzee akalalamika.

Haikupita saa nzima, tumbo likaitika. Nilikuwa nimemwekea ndoo yenye mfuniko chumbani, asilazimike kuvuka ua. Kazi yangu ilikuwa kuimwaga na, hapo ndipo penye kazi, kuitazama. Nesi alitusisitizia: msiridhike mpaka yatoke maji ya njano maangavu, kama mkojo. Na baba ana mtoto wa jicho.

"Usiangalie," akaniambia.

"Baba, nisipoangalia tutarudi bure tena."

Akageukia ukuta. Nikamulika tochi ya simu. Saa tano usiku: kahawia, bado. Saa kumi na mbili asubuhi tukaanza lita mbili zilizobaki. Saa tatu na nusu nikaona mpaka chini ya ndoo.

"Vipi?"

"Safi, baba."

Hakubisha. Katika maisha yangu sikumbuki siku nyingine aliyoniamini bila kuniuliza mara mbili.

Saa nne tukapanda teksi ya kukodi, ndoo tumeibeba, tukapita Manyoni mpaka Dodoma. Saa nane mchana akaingia. Daktari alikuta vinyama viwili vimeota kwenye ukuta wa utumbo, akavitoa palepale. Kimoja kama harage, ndicho kilichokuwa kinavuja damu. Cha pili kama punje ya mtama. Hicho, alisema, uchafu kidogo tu ungekificha. Majibu ya maabara yalipotoka, haikuwa kansa. Ila vinyama vya aina ile vikiachwa miaka mingi, vingine hugeuka.

Juzi mzee alinikuta barazani na daftari langu.

"Yale ya ndoo umeyaandika?"

"Bado."

Akakaa kimya, akakoroga chai yake. "Yaandike. Wapo wazee wengine wanamwagia miembe. Ila jina langu usiweke."

Sikuweka.