Mdudu Hajui Ukuta

Nakusudia, msomaji kijana, kukusimulia habari ya mpapai mmoja uliokuwa katika ua wa nyumba ninayopanga Mji wa Kale, Mombasa, na kosa nililolitenda juu yake. Yamkini utaona kuwa mpapai ni mti duni mno kutajwa katika kisiwa chenye mibuyu ya Mama Ngina, inayotazama meli zikiingia Kilindini. Lakini katika mitaa yetu nyumba zimegusana bega kwa bega, na udongo ulio wazi ni haba. Mti wa uani ndio msitu wetu.

Asubuhi moja niliona unga mweupe chini ya majani yake, kana kwamba mtu amekung'uta pamba. Sisimizi walipanda na kushuka katika shina wakifuata utamu unaotoka katika unga ule. Baada ya majuma machache majani yalijikunja, matunda yakafunikwa na weusi, kilele kikafa. Nikaukata mti, na kwa uvivu ambao siwezi kuutetea, nikayarundika matawi nyuma ya ukuta, upande wa jirani.

Jirani yangu ni mama mtu mzima. Alikuwa na mipapai mitatu, na mapapai yake aliyauza barazani kwa wapita njia. Haukupita muda mrefu ila unga ule ule ulionekana kwake. Alinibishia mlango akiwa na jani mkononi.

“Mwalimu,” alisema, “huyu si mgeni wako?”

Sikuwa na jibu. Nilimwambia, “Nisamehe, mama,” nikaenda kuyachoma matawi yangu, lakini nilikuwa nimechelewa. Mipapai yake yote mitatu ilikufa.

Hapo ndipo nilipojifunza yale niliyopasa kuyajua kabla. Mdudu yule asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, na katika Kenya habari zake ziliripotiwa kwanza mwaka 2016, katika pwani yetu hii. Jike lake halina mabawa, bali watoto wake ni wadogo hata hupeperushwa na upepo, na husafiri katika nguo, miche na matunda. Hali mpapai peke yake. Mistafeli na mihogo pia ni chakula chake. Wala si wa kwanza kutuletea hasara ya namna hii. Kidukari wa saipresi alionekana Malawi mwaka 1986, akafika Kenya mwaka 1990, na huko bara akakausha nyua na mashamba ya miti. (Usidhani kila mgeni ni adui. Mwarobaini, ambao wengi wetu huuona kuwa ni wa kwetu tangu na tangu, ulitoka Bara Hindi.)

Mwaka uliofuata uliitishwa mkutano wa wananchi kutoa maoni juu ya bajeti ya kaunti. Nilikwenda nimejiandaa. Nilisimama, nikaomba kwa maneno yaliyopangwa vizuri kwamba fedha za umma zinunue miche, kila nyumba iliyopoteza mti ipewe mwingine. Watu wakanipigia makofi. Kisha jirani yangu akainuka.

“Mche naweza kuununua mwenyewe,” alisema. “Mdudu je? Mimi nikimwua kwangu na mwalimu asimwue kwake, nimefanya nini?”

Niliona haya, maana alikuwa amesema kweli, na mbele ya watu. Mche ndio sehemu iliyo rahisi kuliko zote. Dawa ya mdudu huyu si ya mtu mmoja. Yuko nyigu mdogo, hata jicho humwona kwa shida, ambaye hutaga yai ndani ya mdudu. Kinda huanguliwa humo na kumla mwenyeji wake. Nyigu huyo alijaribiwa katika nchi nyingine, Ghana ikiwa mojawapo, akafaa, na Kenya nayo ikamleta. Sasa fikiri: ni nani atakayemlipia nyigu asiyeweza kumfungia uani mwake? Akiachiwa kwangu atamfaa jirani, na wa jirani atanifaa mimi. Kitu cha namna hii hakina mnunuzi ila umma. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imeiweka kazi ya kudhibiti magonjwa ya mimea miongoni mwa kazi za kaunti. Kwa hiyo swali la mama yule lilikuwa mahali pake.

Na miti ya barabarani ina haja nyingine, ambayo husahauliwa mara picha za sherehe zikiisha kupigwa. Mche uliopandwa wakati wa vuli hukutana na jua la kaskazi kabla mizizi haijazama. Afadhali miche kumi yenye mtu anayelipwa kuimwagilia hadi masika, kuliko mia isiyo na mtu. Hesabu hiyo haimpendezi mpenda sherehe, na nakiri kuwa mimi nilikuwa mmoja wao.

Nilimnunulia jirani yangu miche mitatu kwa fedha yangu, kwa kuwa deni lile lilikuwa langu, si la kaunti. Aliipokea, lakini hakuipanda. Ameiweka katika makopo karibu na mlango, na kila asubuhi, kabla ya kufagia baraza, huinama akageuza jani moja moja, akatazama chini yake.